Anayelipa na Anayetibu: Namna England Ilivyotenganisha Huduma za Afya za Jamii

Je, ofisi inayoshika fedha za afya za eneo iwe pia ndiyo mwajiri wa wauguzi wanaozunguka majumbani? Ukiuliza hivyo barazani, watu watakutazama kidogo kisha warudi kwenye kahawa yao. Huko England swali hilohilo limewabadilishia mwajiri maelfu kwa maelfu ya wauguzi, limefika mahakamani, limepitia mikono ya serikali za vyama vyote vikubwa, na kila jibu lililopatikana limebomolewa kabla halijazoeleka.

Tuanze na huduma zenyewe, maana hapo ndipo wengi hupotea. Daktari wa familia hayumo. Tangu NHS, mfumo wa taifa wa afya, uanze Julai 1948, madaktari hao wengi wao ni wakandarasi wanaojitegemea. Hospitali kubwa yenye vyumba vya upasuaji nayo haimo. Kinachoitwa huduma za afya za jamii ni kazi iliyo kati ya hivyo viwili. Kuna muuguzi anayepita asubuhi kumchoma bibi insulini, kubadilisha mpira wa mkojo wa jirani yake, kusafisha kidonda cha mguu kisichotaka kupona, na jioni kukaa na mgonjwa wa saratani aliyeamua kufia kitandani kwake. Kuna muuguzi anayewafuata wazazi nyumbani kuangalia mtoto anavyokua, mtaalamu wa viungo, mtaalamu wa matamshi, mtaalamu wa miguu ya wenye kisukari, na hospitali ndogo za miji yenye vitanda vichache. Waziri akitafuta mahali pa kupigia picha huenda kwenye mashine mpya ya mionzi, si kwenye gari dogo la muuguzi wa jamii.

Mpaka 1974 sehemu kubwa ya kazi hii ilikuwa chini ya halmashauri. Mwaka huo ikahamishiwa NHS, na mamlaka ya afya ya eneo ikawa kila kitu: ndiyo iliyopanga, iliyoshika fungu, iliyoajiri na iliyojikagua. Kasoro yake haihitaji shahada kuiona. Anayelalamika kwamba muuguzi haji, malalamiko yake yanapokelewa na mwajiri wa muuguzi huyohuyo. Hospitali nayo inapata fedha mwaka huu kwa sababu ilipata mwaka jana, iwe imetibu vizuri au vibaya.

Mwaka 1985 mchumi Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Stanford, Alain Enthoven, aliandika kuhusu kasoro hiyo na kupendekeza soko la ndani: fedha zibaki za serikali, matibabu yabaki bure, lakini mshika fedha awe mtu mmoja na mtoa huduma awe mwingine, wakutane kwenye mkataba. Serikali ya Margaret Thatcher ililichukua wazo hilo mwaka 1989, sheria ikapita 1990, na mgawanyo ukaanza Aprili 1991. Upande mmoja wanunuzi, upande wa pili watoa huduma.

Ieleweke kwamba kununua hapa ni zaidi ya kulipa ankara. Mnunuzi anatakiwa kujua watu wa eneo lake wanaumwa nini, aamue kipi kitangulie na kipi kisubiri, atafute wa kuifanya kazi, aandike mkataba, kisha afuatilie kama kilichoahidiwa kimefanyika. Na nguvu yake yote imo katika jambo moja, kwamba anaweza kukataa. Asiye mwajiri wa muuguzi hana sababu ya kumfichia aibu. Kwa karatasi, hoja hii ni nzuri, na mimi sioni haya kusema hivyo. Kwa mambo kama upasuaji wa nyonga au mtoto wa jicho, ambapo kazi inahesabika na mgonjwa anaweza kusafiri kwenda hospitali nyingine, ina mantiki.

Tatizo lilianza pale hoja hiyo ilipotakiwa iingie kwenye nyumba za watu.

Chama cha Labour kiliingia madarakani 1997 kikiahidi kulimaliza soko la ndani, lakini mgawanyo kikauacha. Kikaunda taasisi za eneo zilizoitwa Primary Care Trust, PCT kwa kifupi, za kwanza zikianza Aprili 2000. Kufikia 2002 zilikuwa 303 na nchi nzima ilikuwa chini yake. Ndani ya PCT kulizaliwa chotara: ilikuwa mnunuzi mbele ya hospitali, lakini wauguzi wa jamii walikuwa waajiriwa wake yenyewe. Katika jengo lilelile, ghorofa moja ilijadiliana bei na hospitali kubwa, na ghorofa ya pili ilipanga zamu za wanaofunga vidonda. Kwa wanaopenda usafi wa nadharia, hilo lilikuwa doa.

Mwaka 1985 lilikuwa wazo. Julai 2005 likawa amri. Nigel Crisp, mtendaji mkuu wa NHS, alitoa waraka uliozitaka PCT ziachane na utoaji wa huduma kufikia mwisho wa 2008. Wafanyakazi wapatao robo milioni waligundua katikati ya likizo za kiangazi kwamba mwajiri wao hawahitaji tena, na hakuna aliyeweza kuwaambia mwajiri mpya ni nani. Vyama vya wafanyakazi vikawaka, wabunge wa chama tawala wakawaka, na kabla mwaka haujaisha waziri wa afya, Patricia Hewitt, akarudi nyuma: PCT zingeamua zenyewe. Kilichobaki ni kupunguza idadi yake, kutoka 303 hadi 152 mwaka 2006.

Lakini wazo halikufa. Lilirudi Januari 2009 likiwa na jina la upole zaidi, mpango wa kuzibadilisha huduma za jamii. Awamu ya kwanza ilikuwa kujitenga kwa ndani: upande wa utoaji uwe na bodi yake, hesabu zake, na mkataba na upande wa ununuzi, ingawa wote bado ni PCT moja. Awamu ya pili ni kuondoka kabisa. Tarehe ya mwisho, Aprili 2011.

Waondoke waende wapi? Njia zilikuwa kadhaa: kumezwa na hospitali ya eneo, kujiunga na taasisi ya afya ya akili, kuwa taasisi ya NHS inayojitegemea, kutangazwa zabuni, au wafanyakazi wenyewe kuomba kuanzisha kampuni ya kijamii isiyogawa faida kwa wanahisa. Njia hii ya mwisho ilikuwa na mfano wa kujivunia: Central Surrey Health, iliyoanzishwa 2006 na wauguzi na wataalamu wa viungo waliokuwa wamiliki wenza wa kampuni yao. Hull, Kirklees, Plymouth, Medway na kwingineko wakafuata mkondo huo. Walio wengi, hata hivyo, walikwenda kwenye taasisi nyingine za NHS, hospitali na za afya ya akili.

Ningependa kukuambia kwamba kila eneo lilipima nini kinawafaa wagonjwa wake. Sivyo mambo yalivyokwenda. Julai 2010 serikali mpya ya mseto ilitangaza kwamba PCT zenyewe zitafutwa. Wale waliokuwa wakigawa nyumba vyumba viwili wakaambiwa nyumba nzima inabomolewa, ila kazi ya kugawa vyumba iendelee, na tarehe haibadiliki. Katika hali hiyo swali la nani anafaa kuwa na wauguzi wa jamii lilijibiwa mara nyingi na nani yuko tayari kuwapokea kabla ya Aprili.

Huko Gloucestershire mpango ulikuwa kuhamisha wafanyakazi wapatao 3,000 na hospitali ndogo za kaunti kwenda kampuni ya kijamii. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mkazi wa Stroud, alikwenda mahakamani akihoji kwa nini hakukuwa na nafasi ya taasisi nyingine za NHS kuzingatiwa. Mapema 2012 pande mbili zikapatana, mpango ukasimamishwa, na mwaka 2013 huduma hizo zikawa taasisi ya NHS. Mwaka 2019 nayo ikaunganishwa na taasisi ya afya ya akili. Muuguzi aliyekuwepo tangu mwanzo amebadilishiwa jina la mwajiri kwenye karatasi ya mshahara zaidi ya mara moja, akiwatembelea wazee walewale katika mitaa ileile.

Mnunuzi asiyeiona bidhaa

Hapa ndipo penye kiini, na naomba nisiharakishe.

Mnunuzi wa samaki pale feri Dar es Salaam anamshika samaki, anamfunua mashavu, anamnusa, kisha anataja bei. Ananunua kwa sababu anajua. Mnunuzi wa huduma za jamii England baada ya 2011 alikuwa amebaki na mkataba mkononi, lakini watu waliojua kazi yenyewe, wanaofahamu kwamba kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ni safari ya miezi na si ziara sita, walikuwa wamehamia upande wa pili na kadi zao za mafaili. Kujitenga kulimpa uhuru wa kukataa, kukamnyang'anya ujuzi wa kutambua cha kukataa.

Na takwimu hazikuwepo za kuziba pengo hilo. Hospitali zilikuwa na rekodi za kitaifa za kila mgonjwa aliyelazwa tangu miaka ya 1980. Kwa huduma za jamii, mfumo wa takwimu wa kitaifa unaogusa watu wa rika zote ulianza Oktoba 2017, zaidi ya miaka sita baada ya kutenganishwa kukamilika. Kilichoandikwa kabla ya hapo mara nyingi kilikuwa idadi ya ziara. Ziara ya dakika tano ya sindano na ziara ya saa mbili kwa anayekata roho zote ni ziara moja.

Ukosefu huo ukazaa tofauti katika ulipaji. Kuanzia 2003 hospitali zilianza kulipwa kwa bei elekezi ya kitaifa kwa kila tiba: umefanya nyonga mia, unalipwa nyonga mia. Huduma za jamii hazikuwa na bei ya namna hiyo, hivyo zikaendelea kupewa fungu moja la mwaka, kazi iongezeke au ipungue. Sasa fikiria mnunuzi mwenye bajeti iliyobana, kama ilivyokuwa karibu miaka yote ya 2010. Ankara ya hospitali ni deni, mgonjwa ameshatibiwa. Fungu la wauguzi wa jamii ndilo pekee analoweza kulikandamiza bila mtu kupiga kelele siku hiyo.

Kwa nini kelele hazisikiki? Kwa sababu wodi ikijaa, watu wanalala kwenye korido na magazeti yanakuja. Orodha ya muuguzi wa jamii haijai. Hana mlango wa kufunga. Akipewa wagonjwa watatu zaidi, anapunguza dakika kwa kila mmoja, anaacha kuuliza kama bibi amekula, anaandika ripoti usiku nyumbani kwake. Mkataba unaonyesha ziara zote zimefanyika. Idadi ya wauguzi wenye sifa maalumu ya uuguzi wa majumbani ilishuka sana katika miaka hiyo, na ingawa siwezi kuubebesha mgawanyo lawama yote, maana hata mafunzo yalipunguzwa, mkataba wa fungu moja ulihakikisha kwamba kushuka huko kunapita kimyakimya.

Cambridgeshire ndiko kisa hiki kilikokomaa. Mnunuzi wa eneo hilo alitaka kufanya jambo la busara: huduma za wazee, za dharura hospitalini na za majumbani, ziwe chini ya mkataba mmoja wa miaka mitano wenye thamani ya takriban pauni milioni 800. Walioshinda zabuni walikuwa taasisi mbili za NHS zilizoungana na kuunda ubia ulioitwa UnitingCare. Kazi ilianza Aprili 2015. Desemba mwaka huohuo mkataba ukavunjika.

Wakaguzi wa serikali walipochimba, walikuta mambo ambayo hata fundi wa kujenga kibanda angeyauliza kwanza. Gharama halisi ya huduma za jamii haikujulikana kwa uhakika wakati bei inawekwa. Mkataba ulisainiwa huku pande mbili zikiwa bado hazijakubaliana kuhusu fedha. Na kwa kuwa ubia huo kisheria haukuwa taasisi ya NHS, haukuweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani kama taasisi mama zinavyorudishiwa, jambo ambalo halikuwa limewekewa fungu. Hakuna kampuni ya faida iliyohusika. Wote walikuwa watu wa umma, wenye nia njema, wakivunja mkataba wa umma na umma.

Nasisitiza hilo kwa sababu mjadala wa Waingereza hupenda kukimbilia swali la ubinafsishaji, ambalo ni la kweli lakini ni jingine. Surrey inaonyesha maswali hayo mawili yalivyochanganyika. Mwaka 2011 Central Surrey Health, ile kampuni ya wauguzi iliyosifiwa na mawaziri, ilishindwa zabuni ya huduma za jamii za sehemu nyingine za kaunti. Aliyeshinda alikuwa mkandarasi aliyekuja kuitwa Virgin Care, na mkataba wake ukaanza 2012. Baadaye zabuni ya huduma za watoto ya pauni milioni 82 ilipotangazwa, Virgin Care ikashindwa na muungano wa taasisi ya NHS na kampuni za kijamii, Central Surrey ikiwemo. Virgin ikaenda mahakamani kulalamikia mchakato, na mwaka 2017 kesi ikamalizwa kwa mapatano, huku wanunuzi wa umma wakiilipa fedha. Mzunguko mzima huu, wa wakaguzi wa zabuni, mawakili, wahasibu na washauri, hauna hata sindano moja ndani yake.

Gharama hiyo ilikuwa imeshazua maswali mapema. Machi 2010 kamati ya afya ya bunge ilitaja utafiti uliofanywa kwa agizo la wizara lakini haukuchapishwa, uliokadiria kwamba gharama za utawala na uendeshaji zinaweza kufika asilimia 14 ya matumizi yote ya NHS. Kamati ikasema wazi kwamba kama ununuzi hautaanza kuonyesha matunda baada ya miaka 20 ya kushindwa kwa gharama kubwa, huenda mgawanyo ukabidi ufutwe. Serikali iliyoingia miezi miwili baadaye ikafanya kinyume: sheria ya 2012 iliukaza zaidi. PCT zikafa Machi 2013, zikaja taasisi mpya 211 za ununuzi zikiongozwa na madaktari wa familia, na afya ya kinga ikarudishwa kwa halmashauri. Mwaka 2015 hata wauguzi wa watoto wachanga wakawa wananunuliwa na halmashauri. Mama mmoja, mtoto mmoja, wanunuzi watatu.

Scotland ilishaachana na mpango huu kwa sheria ya 2004, na Wales mwaka 2009 ikaunda bodi saba zinazopanga na kutoa huduma pamoja. Je, wamefanikiwa zaidi? Ulinganisho wa mifumo minne ya Uingereza uliotolewa 2014 haukuona nchi inayoongoza kwa uthabiti. Hilo linawanyima ushindi wanaotetea mgawanyo na wanaoupinga vilevile.

Huku kwetu wazo lenyewe si geni. Rwanda ilieneza malipo yanayofuata matokeo nchi nzima kuanzia 2006, na Burundi 2010, na ndani yake kuna kanuni ileile, kwamba anayelipa, anayetoa na anayehakiki wasiwe mtu mmoja. Kwa uzazi wa zahanati na chanjo kazi inahesabika. Tanzania ina hospitali teule za wilaya, ambapo halmashauri inaingia mkataba na kanisa lenye hospitali. Mkataba upo, lakini kama hospitali ni hiyo moja tu wilayani, mnunuzi atamtishia nani kwamba anakwenda kwingine? Na Kenya, SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyoanza Oktoba 2024, inanunua matibabu ya vituoni, ilhali wahamasishaji wa afya ya jamii wanaobisha hodi mlango kwa mlango wanapewa posho ya serikali kuu na kaunti. Hata pale, kazi ya nyumbani imebaki nje ya hesabu za mnunuzi.

England sasa inarudi nyuma, kinyemela kidogo. Julai 2022 ununuzi ulikabidhiwa bodi 42 za maeneo, na viongozi wa watoa huduma wakapewa viti ndani yake, jambo ambalo mwaka 2011 lingeitwa mgongano wa maslahi. Tangu Januari 2024 kanuni mpya zinaruhusu mkataba kuendelea na aliyepo bila kutangaza zabuni, masharti yakitimia. Machi 2025 serikali ikatangaza kuifuta taasisi kuu ya NHS England na kuzitaka bodi hizo 42 zipunguze gharama zake za uendeshaji kwa karibu nusu, maana yake mnunuzi aliyekuwa na ujuzi mdogo atabaki pia na watu wachache.

Mpango wa miaka kumi uliotolewa Julai 2025 unakwenda mbali zaidi. Unasema taasisi za NHS zinazofanya vizuri kuliko nyingine zinaweza kukabidhiwa bajeti nzima ya afya ya wakazi wa eneo lao, na kuwanunulia wengine kazi. Mtoa huduma mkubwa ndiye atakayekuwa mshika fungu, na wauguzi wa majumbani wataomba fedha zao kwake. Mpango huohuo unaahidi kwamba sehemu kubwa zaidi ya fedha itatoka hospitalini kwenda kwenye jamii. Haujaeleza bado hospitali itajinyima vipi kitanda ili ilipe ziara ya nyumbani, wala nani atakuwa upande wa pili wa meza kuuliza.